Sababu papa alikuwa anasinzia mu darasa

Leo munganga ku hospitali aliniuliza ulizo moja tu, nikalia mbele yake kama mutoto.

Alikuwa ameshaniambia ugonjwa yangu: nikilala, pumuzi inakatika, inarudi, inakatika tena. Kumbe ndiyo maana nasinzia muchana, hata ku misa! Mashini ya kunisaidia kupumua itatoka mbali, ningoje.

Sawa. Nitangoja.

Kisha akauliza: « Maman, mu familia yenu, nani mwengine alikuwa anakoroma na kusinzia hivi? »

Papa.

Wakati inchi yetu ilikuwa inaitwa Zaïre, papa alikuwa mwalimu kule Mudaka. Tulikuwa tunamuita Citoyen, ni kusema mwananchi, vile kila mutu alikuwa anaitwa wakati ile, hata mimi mutoto wake, maana nilikuwa mu darasa yake. Alikuwa anasinzia na chaki mu mukono.

Siku moja direkta, mukubwa wa masomo, akaingia, akamukuta amelala. Akatuuliza sisi banafunzi: « Analalaka hivi kila siku? »

Benzangu bakainamia madaftari.

Ni mimi niliinua mukono. « Ndiyo, Direkta. Kila siku. »

Balimufukuza. Alikufa na ile jina ya muvivu.

Wenye mulisoma kwake, tafazali, muandike hapa chini: « Citoyen hakukuwa muvivu. Alikuwa mugonjwa. »

Mimi naanza.