Tangi Lililohamia Kwenye Mawe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya michoro ya serikali, Morogoro mjini, Mchoraji Mkuu hakunipa kalamu. Alinipa wembe. Tulichora kwa wino kwenye karatasi angavu, na mstari uliokosewa tuliukwangua taratibu, karatasi isitoboke. "Ukishajua kufuta ndipo utachora," aliniambia. Kuhamisha tangi moja la maji kwenye ramani kulichukua wiki nzima.

Mageuzi yalipokuja, wengi tulipunguzwa. Nikapata kazi kampuni binafsi pale Mwembesongo, nikakabidhiwa laptop yenye programu ya kuchorea, nzito kama tofali. Nilijifunza huku nimenuna, mtu mzima nafundishwa kushika kipanya.

Safari yetu ya kwanza nayo ilikuwa mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi, katika kijiji kimoja cha Uluguru. Barabara iliishia chini, laptop ikapanda mlima ndani ya tenga la kabichi. Kigingi cha kuonyesha mahali pa tangi kilishapigwa kwenye shamba moja. Mfadhili alitaka mchoro kesho yake asubuhi, la sivyo fedha zingehamia kijiji kingine.

Mimi na Mhandisi wa kampuni tulimkuta Mama Sesilia, mwenyeji wa kijiji hicho, amesimama kando ya kigingi.

"Shikamoo mama," alisema Mhandisi. "Mzee wako alishakubali."

"Marahaba. Huyo amekuja hapa kuoa, mwanangu. Shamba ni la ukoo wetu. Mbona sisi hamkutuuliza?"

Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mhandisi, mtu wa kuja, hakulijua hilo.

"Kwani maji huyataki?"

"Nayataka kuliko wewe. Wekeni tangi kule kwenye mawe, hapaoti hata mchicha. Na nilione kwenye mchoro sasa hivi. Mkishuka mjini mtachora mnavyotaka."

Betri ilibaki kidogo. Nikaketi chini, nikakagua kontua, mistari inayoonyesha mwinuko. Mawe yalikuwa chini ya chemchemi na juu ya nyumba zote. Nikalihamisha tangi, nikavuta bomba upya, nikahifadhi. Kioo kikazima.

"Tangi letu limekwenda wapi?"

"Limo humu, mama."

Aling'oa kigingi, akapanda nacho hadi kwenye mawe, akakipigilia mwenyewe kwenye ufa. Usiku tulishuka mjini tukachaji laptop, asubuhi mfadhili akapokea mchoro, na maji yanatoka hadi leo.

Sasa nimestaafu. Vijana wa fani hii huniuliza nilitumia programu gani. Nawatajia, kisha nawauliza shamba wanalolichora ni la nani. Wengi hunitajia jina la mume.