Nilikubali Kuitwa Tasa kwa Ajili ya Mume Wangu, Sasa Analetewa Mke

(Aliyetuandikia ameomba jina na mtaa wake visitajwe. Majina yaliyomo si ya kweli.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Tumepanga vyumba viwili hapa Kariakoo, na ninashona nguo barazani kwa cherehani yangu. Mume wangu, nitamwita Hamisi, ni karani bandarini. Huu ni mwaka wa nane wa ndoa yetu na hatujapata mtoto.

Miaka ya mwanzo nilihangaika peke yangu. Nilikunywa dawa za mganga wa Buguruni mpaka nikalazwa kwa kuharisha. Mama mkwe kila akija kutoka Lindi hunitazama tumboni kwanza, ndipo aitikie shikamoo yangu. Mwishowe nikaenda hospitali. Wakaniuliza kuhusu siku zangu, wakanipima damu na mkojo, kisha wakanipangia siku ya kupigwa picha ya mirija ya uzazi. Dawa huingizwa kwa njia ya chini ndipo picha ipigwe. Tumbo lilinikata vibaya, nikang'ata khanga nisilie mbele ya manesi. Majibu yalipotoka daktari akasema, "Mirija yote iko wazi, na mayai yanakomaa. Kwako sijaona tatizo. Sasa nimwone mumeo."

Hamisi alikataa mwaka mzima. "Mimi mwanamume kamili, nipimwe nini?" Nikibembeleza ananuna, nikinyamaza naye ananyamaza. Alikuja kukubali kwa sababu mwenzake wa kazini alipimwa, akakutwa na ugonjwa kwenye njia ya mbegu, akachomwa sindano, na mkewe akashika mimba.

Daktari alimpima, akamwuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi. Hamisi akasema ndiyo, akiwa na miaka kumi na sita. Mashavu yalivimba, halafu korodani nazo zikavimba, akakaa ndani wiki nzima hawezi kutembea. Daktari akaandika. Kipimo kilionyesha hakuna mbegu hata moja. Baada ya miezi mitatu akapimwa tena, majibu yakawa yale yale.

"Nguvu zako za kiume hazina kasoro," daktari alimwambia, "lakini mbegu hazitengenezwi tena. Ule ugonjwa uliziharibu. Nikikuandikia dawa nitakuwa nakudanganya. Mkitaka mtoto, mnaweza kulea wa kupewa."

Tulitembea mpaka Mchafukoge. Mbele ya duka la vitambaa akasimama. "Naomba kitu kimoja. Nyumbani tuseme tatizo ni lako. Bandarini wakijua, siwezi kuingia tena pale."

Nikamwonea huruma. Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba sitasema. Wasomaji, hapo ndipo nilipojifunga.

Habari ikaenda Lindi kwamba mimi ni tasa. Majirani wakaacha kuniomba niwashikie watoto wao. Nilivumilia, maana Hamisi alinipenda na hakuwahi kunisema.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja na binti wa miaka kumi na minane, nimwite Zuhura. Akanikalisha mkekani. "Mkwe wangu, sikufukuzi. Utabaki mke mkubwa. Lakini mwanangu lazima apate wa kumwita baba."

Nilimtazama Hamisi. Alikuwa anatazama miguu yake.

Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Huyu mtoto wa watu unamwoa umpe nini?"

"Daktari si Mungu. Huenda kwa mwingine ikawa tofauti."

"Na isipokuwa?"

"Usinimalize mbele ya mama yangu. Uliapa."

Nikamwambia amweleze Zuhura mwenyewe, aamue akijua. Akasema nikifungua mdomo, talaka yangu iko tayari. Tangu siku hiyo anakula bila kunitazama.

Ndoa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Siku moja kabla yake, kwa kuwa sheria inampa mke wa kwanza nafasi ya kupinga, shehe atakuja kuniuliza mbele ya mashahidi kama nina kipingamizi. Nikisema sina, nimemtia yule binti kwenye moto nilioungua mimi. Mwaka wa pili wataanza kumtazama tumbo. Watampeleka kwa waganga. Au atatafuta mimba nje kwa hofu, na mume wangu atajua siku hiyo hiyo kwamba si yake. Nikisema ninacho, wataniona nina wivu wa utasa. Wakitaka sababu, itanibidi nivunje kiapo na nimvue nguo mwanamume niliyeishi naye miaka minane.

Juzi mchana tulikuwa uani, mimi nafua, Zuhura, ambaye analala na mama mkwe chumba cha pili mpaka siku ya ndoa, anasuuza. Ni binti mwenye adabu, ananiita dada. Akasema taratibu, "Dada, nimeona unavyowatazama watoto wa wapangaji wa humu ndani. Nikijaliwa, wa kwanza nitakupa wewe umlee. Nimeshamwambia mama mkwe."

Niliinamia beseni nikaendelea kufua shati la Hamisi, na yeye akadhani nalia kwa furaha.

Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama mliowahi kukaa kimya kwa ajili ya mume, na nyinyi kina baba mnaojua aibu hii, niambieni ukweli bila kunionea haya. Shehe akiniuliza, nijibu nini?