Breki Zilizochemka Mteremkoni Mpuguso

Asubuhi ile ya ukungu haijanitoka, mjukuu wangu, hasa leo ninapokuona umeinama chini ya gari lako la mashindano. Mchelea mwana hulia mwenyewe, kwa hiyo keti kwanza.

Nilikuwa msichana bado. Kaka yangu Ambakisye alikuwa amejiandikisha kwenye mbio za magari, nami nilikaa kando yake nikimsomea kona zilizo mbele kutoka kwenye daftari. Tulijifunzia kwenye barabara ya changarawe inayoteremka kati ya mashamba ya chai, upande wa Mpuguso. Alikuwa amefunga pedi mpya za breki, zile za kuendea sokoni na kanisani. Baba yetu, dereva wa lori la chai tangu ujana wake, alimwonya: "Hizo zikishapata moto zitakukana." Kaka akatabasamu tu. Zilikuwa zinakamata vizuri, angeamini vipi?

Tukateremka salama. Tukapanda, tukateremka tena bila kuzipumzisha, kaka amelaza mguu kwenye breki mteremko mzima. Ndipo nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi.

"Ambakisye, kuna kitu kinaungua."

"Soma kona, Sekela."

Nikasoma: kulia, kali. Akakanyaga. Pedeli ikazama mpaka chini, gari likazidi kwenda. Ukungu ukapasuka mbele yetu, nikaona akina mama waliojitwika ndizi wakivuka barabara. Kaka akashusha gia, injini ikanguruma, akashusha nyingine. Mwendo ukapungua, lakini haukutosha. Akaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, ubavu ukakwaruza mawe, tukasimama. Mama mmoja alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliiona mishipa ya shingo yake.

Magurudumu yalifuka moshi. Kaka akachota maji mtaroni. Baba, aliyekuwa akitungoja chini, alikwishapanda mbio, akamshika mkono.

"Ukimwagia, diski za breki zitapasuka. Ziache zipoe zenyewe."

Kisha akawaendea wale akina mama, akawaomba radhi mmoja mmoja, kofia mkononi. Sisi hakutukemea. Kaka alikaa kwenye majani akalia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baadaye alishindana akiwa na pedi zinazostahimili moto, na kila mara alirudi nyumbani.

Basi nisikilize. Pedi za mjini usizipeleke kwenye mashindano. Hizo za mashindano nazo hazikamati zikiwa baridi. Zipashe moto kidogo kabla ya kuziamini. Mafuta ya breki yakikaa sana hunywa maji, na yakichemka pedeli huzama, yabadilishe mapema. Kabla ya kona kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, uachie. Mteremkoni shusha gia, injini ikushike. Ukimaliza, usisimame papo hapo ukavuta breki ya mkono. Zunguka polepole upepo uzipoze. Na ukisikia harufu, au mwenzako akikwambia anaisikia, punguza mwendo hapo hapo, hata kama wanakupita wote. Kushindwa mbio si msiba.

Nenda sasa. Kyala, Mungu wetu, akutangulie kila kona, akupe mguu mwepesi na moyo usioona haya kupunguza mwendo, akuzeeshe hata nawe uwe na wajukuu wa kuwaonya.