Lulu ya Mama Ilikaa Kwenye Majivu

Enzi zetu neno lilikuwa na heshima yake. Hukuliokota njiani ukalibandika popote. Kama ulikulia Nakuru kwenye nyumba za reli, zile za chumba kimoja na jiko la nje, utanielewa nikikwambia kwamba leo nina hasira kwa sababu ya neno moja tu, lulu.

Siku hizi kila kitu ni lulu. Saluni ni lulu, maji ya chupa ni lulu, ploti zilizo juu ya mawe, mahali hata mbuzi hapati cha kutafuna, nazo ni lulu. Vijana wamejuana jana mtandaoni, leo mmoja ameandika "lulu yangu" na maua kumi, wiki ijayo hawasalimiani. Lulu gani hiyo inayochakaa kabla ya soksi?

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, dhahabu ilikuwa jino la mzee mmoja fundi wa mabehewa, aliyecheka hata msibani ili lionekane. Almasi ilikuwa kile kikalamu cha fundi wa vioo. Alikipitisha kwenye kioo, kikalia kwii, kioo kikakatika sawasawa. Maneno hayo yalikuwa na kazi moja moja. Lulu ndiyo ilikuwa na kazi nyingi. Mwalimu alitufundisha kwamba hutoka ndani ya chaza, huko baharini, na sisi tuliojua ziwa la magadi na flamingo tu tukaandika bila kuelewa. Kwenye bano, mchezo wetu wa gololi, lulu ilikuwa ile isiyo na rangi ndani, na mwenye nayo hakuichezea ovyo asije akaipoteza. Kwa baba, lulu ilikuwa usingizi wa Jumapili mchana, na ole wako uruke blada, ile kamba yetu ya mpira, karibu na dirisha lake.

Lakini lulu yenyewe ilikuwa ya mama.

Mama alilima kipande chembamba kando ya reli. Hapo palitoka mahindi, kunde, na maharagwe madogo mekundu yenye madoa meupe, mbegu aliyopewa na mama yake alipoolewa huko magharibi. Kila mavuno aliketi juu ya gunia akichambua. Yaliyojaa vizuri aliyatia kwenye mkebe wa majani chai, akayachanganya na majivu ili dumuzi wasiyatoboe, akauweka mkebe juu ya kabati ya sahani. Hiyo ndiyo aliyoiita lulu. Binti akiolewa, alifungiwa zake aende nazo. Hakuna aliyeeleza chochote, wala aliyeuliza. Ukipewa mbegu kwenye majivu, ulijua unatafuta udongo.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Vumbi jeupe la ziwani liliingia hadi kwenye uji, na uji wenyewe ulikuwa mwepesi mpaka unaona maua chini ya bakuli. Kaka yangu Wafula akapanda kiti, akaushika mkebe. Mama hakumpiga, na mama yetu kupiga alikujua.

"Shuka," akamwambia. "Lulu hailiwi. Ukiila leo, mwaka ujao utakula nini? Utatafuna reli?"

Tukalala na chai ya rangi. Mvua iliporudi, tulikula maharagwe mpaka tukayachoka.

Sasa ngoja nikwambie kinachonichemsha. Shamba lile halipo. Alikuja tajiri na karatasi zake na tingatinga, akang'oa maharagwe yakiwa yametoa maua, akajenga ghorofa. Na unajua aliipa jina gani? Lulu. Ameliandika getini kwa herufi za kung'aa, mahali mama alipokuwa akiegemeza jembe! Mama akabaki na mkebe wake na mbegu isiyo na pa kwenda, na mbegu ikikaa sana hufa.

Ndipo Brenda, binti yangu, alipoolewa na kijana wa Olenguruone. Kwao kuna shamba, na mvua si ya kubembelezwa. Mama alifurahi kuliko bibi harusi. Akaufunga mkebe kwa leso, akampa Brenda na kumwambia, "Peleka kwako." Basi. Kwake hayo yalitosha. Alikuwa akihesabu tu lini watakwenda kwa wakwe kupanda.

Wakati huo maharusi walikuwa wamepanga nyumba hapa mjini, na usiniulize wapi. Kwenye ghorofa ile ile. Jumamosi iliyopita tukaenda kuwatembelea, mama akipumzika kila baada ya ngazi chache. Brenda akatua sufuria mezani, uso umejaa furaha.

"Shosho, leo nimekupikia zile maharagwe zako! Zilikuwa na majivu mob, nimeosha hadi nikachoka. Lakini zimeiva fiti, ni lulu!"

"Umepika zote?" nikamuuliza.

"Zote, mum. Kwani si ni za kupika?"

Niliwaka. Nilimwambia amesoma mpaka chuo kikuu na hajui mbegu. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Wacha kumpigia mtoto kelele," akasema. "Imeshaiva. Sasa tuitupe? Nipe sahani."

Akala polepole, hakubakiza punje. Kisha akajifuta mdomo.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema. "Zile zingine zote nimekula. Hizi za mkebe sijawahi kuonja."

Brenda aliacha kutafuna. Ndipo alipoelewa. Nilitoka nje kwenye roshani nikatazama chini, pale kunde zilipokuwa zikitambaa. Kuna matofali ya saruji na magari ya wapangaji.

Enzi zetu tulilala njaa, na mbegu ikiwa juu ya kabati. Jumamosi ile tulitoka pale tumeshiba sana. Brenda ameuosha mkebe wa mama ukang'aa, uko kando ya televisheni, na ndani yake mna chaja za simu.