Taa ya Matumbawe

Kila asubuhi, fundi cherehani jirani yangu huvua futi shingoni akapima taa imening'inia umbali gani juu ya tangi lake la kioo lenye matumbawe. Anaogopa taa kali isiyaunguze, hafifu isiyadhoofishe, na hii ya bei nafuu aliyoipata Sinza haiamini hata kidogo. Kisha, pini zikiwa mdomoni, huweka kwenye kioo kipande cha kitambaa cha zambarau, alichokichagua siku ya kwanza kwa kuwa kilifanana rangi na tumbawe kubwa. Jana aliniita. "Mama Talha, hebu njoo. Limepauka, eti?" Nikainama kutazama. Akapekua kapu la vipande, akatoa kingine cha zambarau iliyofifia, akakiweka kwenye kioo mahali pa kile cha kwanza. "Mbona vinafanana," akasema.