Niliacha makande nikazidi kunenepa: yaliyonikuta hapa Same

Habari za humu ndani wakuu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Haya yamenipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Same mjini, kwetu ni Mamba huko milimani Upare. Naimba kwaya, sauti ya kwanza.

Mwaka juzi nikaanza kunenepa. Uso ukaumuka, gauni la kwaya nikalifumua mishono yote. Uchovu nao ukawa wa ajabu, nasinzia juu ya cherehani hadi naitwa mvivu.

Jamani, kila mtu akageuka daktari. Mteja nampima kiuno, yeye ananishauri kuhusu kiuno changu. Punguza makande, wakasema. Mpare aambiwe aache makande, mahindi na maharage aliyolelewa nayo!

Nikaacha. Nikaacha na wali, ugali, chapati. Nikabaki na kabichi ya kuchemsha na yai.

Nikazidi kunenepa.

Hapo ushauri ukaisha, ukaanza upelelezi. Wifi yangu ninayeishi naye akatangaza kwamba lazima nakula kwa kujificha. Mpishi wa nyumba ile ni yeye, sufuria zote anazijua, lakini alisema hivyo bila aibu.

Nikajiunga na group la diet WhatsApp. Coach akaniuzia unga wa kuyeyusha mafuta. Nafungua kopo, harufu naijua tangu utoto: tangawizi tupu.

Wakuu, tangawizi nimeipanda, nimeipalilia, nimeibeba kichwani hadi sokoni. Kama ingekuwa inayeyusha watu, Mamba pasingebaki mtu.

Nilipomwambia coach sipungui, alinijibu hivi: "Dada, mwili haudanganyi. Kuna kitu unakula hutaki kusema."

Nilijiona mwongo wakati sijadanganya.

Kisha sauti ikaharibika. Ikawa nzito, inakwaruza. Mwalimu wa kwaya akanitoa kwenye solo ya Pasaka, akasema mafuta yamenibana koo. Kunenepa ningeweza kuvumilia, wakuu, ila kuimba ndiyo furaha yangu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Mama akasikia siimbi tena, akashuka kutoka Mamba kuja kuniona. Same mnaijua, jua la mchana halina mzaha. Akanikuta kwenye kibanda changu cha kushonea nimevaa sweta, na khanga juu ya sweta. Nilikuwa navaa hivyo kwa miezi na hakuna aliyeshangaa, maana wote walikuwa wanatazama tumbo.

Mama hakutazama tumbo. Alisema, "Sisi wa baridi tukishuka huku tunalowa jasho. Wewe unatetemeka. Unajisikiaje, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Baridi, usingizi, choo kigumu, nywele zinazokatika.

Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari aliponiona tu akaanza somo la kupunguza kula. Mama akamkatiza kwa adabu, akamweleza habari ya baridi na sauti. Daktari akanishika shingo, akaagiza damu ipimwe.

Majibu: tezi ya shingo inafanya kazi kivivu, na mwili mzima unaenda polepole pamoja nayo. Miezi yote ile naitwa mvivu, kumbe mvivu ni tezi! Nikapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

Niwe mkweli. Daktari alisema si kila mnene ana shida hii, na hata kwangu si kilo zote zimeletwa na tezi. Nami sisemi chakula hakinenepeshi. Ninachokataa ni ile hukumu ya haraka, kwamba mnene ni mlafi na diet ikishindikana basi ni mwongo.

Sasa sauti imerudi, nipo sauti ya kwanza. Makande nakula. Nimepungua kiasi, bado ni mnene, ila usingizi wa mchana umekwisha na sweta nimeliweka kabatini.

Juzi kanisani wifi kanipongeza mbele za watu, eti hatimaye nimejua kufunga mdomo.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Mwenye ndugu wa aina yangu, kabla hujamgusa sahani, ongea naye kwanza. Mimi nakula nini, niliulizwa na Same nzima. Najisikiaje, aliniuliza mama peke yake.