Raketi za Piusi Tluway

Germana alikuwa akikunja mashuka katika chumba cha dobi cha hoteli, kule juu ukingoni mwa Kreta, lile bonde kubwa la wanyamapori, Nikodemu dereva alipoingia kimya. Kila asubuhi alipopanda kutoka Karatu na mboga za jikoni, sauti yake ilitangulia gari. Siku hiyo alisimama mlangoni kofia ikiwa mkononi, mabega yamelowa ukungu.

"Dada Germana, acha hayo mashuka. Chukua koti lako, tunashuka."

"Ni mama?"

"Mama yako mzima, ndiye aliyenituma. Ni mzee wako. Ametutoka alfajiri."

Germana alimaliza kukunja shuka alilokuwa nalo, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine. Kisha akafanya ishara ya msalaba na kutafuta koti.

Ilikuwa masika ya mwaka 1983, na barabara ya msituni ilikuwa utelezi. Nikodemu, mtu wa Machame asiyejua kukaa kimya, alijizuia mpaka walipopita lango la hifadhi.

"Kabla hajazidiwa alinisimamisha barabarani," alisema. "Nikadhani anataka lifti. Kumbe anauliza kama kuna mgeni aliyesahau raketi hotelini! Nikamwambia, mzee wangu, wageni wa siku hizi wanasahau soksi na miwani. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata."

Germana naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Nikodemu akapunguza mwendo, akamwachia alie.

Marehemu Piusi Tluway, baba yake Germana, alikuwa mkulima kama wakulima wengine wa vilima vya Karatu. Alilima maharage na ngano, alifuga ng'ombe wachache, na Jumapili hakukosa misa. Lakini ujana wake wote aliutumia katika klabu ya walowezi wa mashamba ya kahawa, upande wa Oldeani. Huko kulikuwa na uwanja wa tenisi uliotengenezwa kwa udongo wa vichuguu, uliotwangwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa kwa jiwe zito la kuviringisha mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Piusi ndiye aliyeutunza. Tena alijifunza kufunga nyuzi za raketi, ambazo zamani zilikuwa za utumbo wa kondoo.

Mlowezi mmoja mzee, mwanamke aliyeitwa Bibi Grete, alipenda kukaa naye kivulini akimsimulia mchezo ule ulikotoka. Alimwambia kwamba mamia ya miaka iliyopita, huko Ufaransa, watu waliupiga mpira kwa kiganja kitupu, na miongoni mwao walikuwamo watawa, wakicheza ndani ya kuta za monasteri. Viganja vilipouma wakavaa glavu, halafu wakashika vibao, na mwisho zikaja raketi. Karne zikapita, Waingereza wakautoa mchezo nje kwenye majani, na kutoka huko ukasambaa duniani hadi kufika Oldeani. Piusi aliipenda sana habari ya watawa. Alimuuliza padre kama ni kweli, na padre alipokubali, tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kwamba tenisi ni mchezo wa kizungu usiomhusu Mkristo wa Karatu.

Miaka ya sabini ilipoanza, walowezi waliondoka. Nyumba zao zikabaki wazi, na raketi zikachukuliwa pamoja na viti na masufuria. Kila mtu akaitafutia yake kazi. Mama mmoja alichekechea maharage. Mwingine alifukuzia kuku. Josephati, jirani yake Piusi, aliiweka ya kwake juu ya moto kukaushia nyama. Nyuzi zikajikunja, zikakatika moja moja kwa mlio, na harufu yake ikamvuta mbwa wake, akazila zote.

"Usinicheke, Piusi," Josephati alimwambia. "Wewe ulijua ni utumbo, ukanyamaza. Aliyefaidi ni mbwa wangu."

Kijiji nacho kikataka kuulima uwanja. Piusi alisimama mkutanoni akasema neno moja tu: mahali pagumu namna ile pangefaa kupuria maharage na kuanikia ngano. Watu wakaona ni kweli. Kwa hiyo uwanja ukabaki, na baada ya kila mavuno yeye aliufagia na kuushindilia kama zamani. Kiwanja cha nyumba yake kilikuwa pembeni tu.

Ndipo alipoanza kuzitafuta raketi. Hakuzidai wala kuzigombania. Aliyetumia raketi kuchekechea alipelekewa chekecheke. Aliyefukuzia kuku alichongewa fimbo nzuri. Moja ilikuwa Nainokanoka, kijiji cha wafugaji huko juu, kwa mzee Metui, aliyeitundika ukutani na kuning'iniza humo vibuyu vyake vya maziwa. Piusi alipanda kwa miguu, akanywa maziwa, akaomba, akanyimwa. Akarudi tena, akanyimwa tena. Safari ya tatu alikwenda na kichanja cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, chenye nafasi ya kila kibuyu. Metui alihamishia humo vibuyu vyake kimoja kimoja, kisha akaishusha raketi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ya zamani kuliko zote. Mpini wake ulipanuka mwishoni kama mkia wa samaki. Piusi alizipanga ukutani chumbani kwake kwa kufuata umri: ya mkia wa samaki kwanza, halafu za mipini myembamba, halafu zile zenye ngozi mpinini. Kila moja aliibana kwa kibanio cha mbao chenye skrubu nne, maana mbao ikipata unyevu bila kubanwa hupinda, na raketi iliyopinda haifai tena. Ya mwisho ilikuwa ya chuma. Germana ndiye aliyemletea kutoka hotelini, baada ya mgeni kuiacha imekatika nyuzi.

Mzee aliigeuzageuza, akaigonga kwa kucha. "Hii haihitaji kubanwa," alisema. "Basi zama za mbao zimekwisha, mwanangu. Mungu ametupa kuona mwanzo na mwisho."

Mtu akimwomba moja, alikataa kwa upole. "Zikiwa pamoja mtu anaona safari yote. Ukiondoa moja, iliyobaki ni mti tu."

Maneno hayo yalikuwa kichwani mwa Germana alipofika nyumbani na kumkuta mama yake, Evarista, amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Walikumbatiana. Marehemu alikuwa amelazwa chumba cha ndani, rozari vidoleni, uso umetulia. Germana alipiga magoti akasali. Alipoinua macho aliziona raketi ukutani, zote, juu ya kichwa cha baba yake.

Mchana ule baba mkubwa Thomasi, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, aliwaita ndugu kupanga mazishi. Jeneza lilikuwa likitengenezwa kwa mbao za mti wa loliondo, padre angefika kesho. Kisha akaingia katika jambo la mwisho.

"Baada ya kuzika, siku ya tatu, tutagawa vitu vya marehemu kama desturi yetu. Koti, shoka, blanketi. Na vile vya nyuzi vya ukutani viko vingi, namshukuru Mungu. Kila nyumba itapata kimoja cha kumkumbukia."

Ndugu wakaitikia. Josephati akanong'ona, "Mie mnipe mpya ya chuma. Hiyo mbwa haiwezi."

Wachache wakatabasamu. Germana hakuweza. Aliona raketi zikirudi zilikotoka, moja kwenye kuku, moja kwenye maharage, na miaka yote ya baba yake ikitawanyika. Lakini desturi ile haikuwa mbaya, na waliokaa pale walimpenda marehemu. Binti angesimamaje msibani kuwanyima watu kumbukumbu?

"Baba mkubwa," alisema hatimaye, "naomba hizo zisigawanywe."

"Kwa nini, mwanangu? Unazitaka wewe?"

"Sitaki ziwe zangu. Nataka zikae pamoja."

Thomasi akashusha pumzi. "Kitu cha marehemu kikikaa kwa mtu mmoja, wengine husononeka. Acha tuzike kwanza."

Mvua ikaanza, nzito, ikapiga bati mpaka watu wakaacha kuongea. Unyevu ukaingia ndani. Germana akaenda chumba cha ndani. Bila kufikiri aliteremsha raketi moja ya mbao, akapapasa skrubu, akaikuta imelegea. Mzee alikuwa mgonjwa majuma mengi na hakuna aliyekaza. Akakaa chini kando ya kitanda, akakaza pembe moja, kisha ya mkabala, kidogo kidogo, ili fremu isivutwe upande mmoja. Akachukua ya pili. Alipofika ile ya mkia wa samaki alishtuka kuona Thomasi amesimama mlangoni.

"Wewe mtoto, hata msiba haukupumzishi?"

"Mvua hii itazipinda, baba mkubwa. Hazisubiri kesho."

"Mbona unaruka pembe?"

"Ukikaza upande mmoja tu, inajikunja. Baba alinionyesha."

Mzee akaja akaketi kwenye kigoda, akamtazama mpaka akamaliza. Mara moja alimtupia macho mdogo wake aliyelala pale, kisha akarudi kutazama mikono ya Germana.

"Baba yetu alipokufa," alisema polepole, "mizinga yake haikugawanywa. Alipewa Piusi yote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipanda naye mitini. Mimi mkubwa nilipata blanketi." Akacheka kidogo. "Nilinuna mwaka mzima. Lakini nyuki wasingenipenda."

Akainuka, akatoka barazani, na Germana akamsikia akiwaambia ndugu kwa sauti ya kushinda mvua: vile vya nyuzi ni vya kazi, navyo vinabaki na anayeijua kazi. Atakayetaka kumkumbuka Piusi atakuja hapa kuvitazama.

"Basi na mie nimekosa ya chuma," Josephati akasema.

"Wewe utapewa soksi zake," Thomasi akamjibu, na hata Evarista akacheka chini ya kanga yake.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Ua ulikuwa tope tupu, kwa hiyo misa ilisomewa uwanjani, palipokuwa pagumu pasipo tope, kama Piusi alivyopaacha. Jeneza liliwekwa katikati juu ya vigoda viwili. Metui alikuwa ameshuka kutoka Nainokanoka; alisimama nyuma na shuka lake la rubega begani, hakuelewa nyimbo za kanisa lakini hakuondoka. Padre aliwaombea wote faraja, akanyunyiza maji ya baraka. Halafu wanaume wanne wakalibeba jeneza hadi kaburini, kando ya migomba. Likateremshwa kwa kamba. Evarista alitupa udongo kwanza, akafuata Thomasi, kisha Germana. Wakaimba wimbo wa kumkabidhi marehemu kwa Bwana mpaka kaburi likajaa. Msalaba ukasimikwa, maua yakawekwa, na watu wakaenda kunawa mikono.